Mchekeshaji Anapokunja Uso

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii tumeitia katika insha zetu tangu shule ya msingi, wengine wetu bila hata kujiuliza inasema nini, almuradi mwalimu aweke alama ya vema pembeni. Leo nataka kuitumia kwa jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha methali. Nataka kuzungumza juu ya mwigizaji wa vichekesho anapoweka vichekesho vyake kando na kuigiza mtu wa kutisha. Huyo naye ni nyumba, na sisi watazamaji tumezoea kuishia mlangoni.

Hebu fikiri, msomaji mpenzi. Wazazi wetu waliokulia mbele ya Vitimbi na Vioja Mahakamani watakwambia kwamba ilitosha Mzee Ojwang' aonekane tu kwenye runinga. Kabla hajafungua kinywa, sebule nzima ilikuwa imekwisha kuangua kicheko. Marehemu Benson Wanjau, aliyeigiza nafasi hiyo, alituaga mwaka wa 2015, na hadi leo wapo wengi wanaomjua Ojwang' lakini jina la Wanjau hawalijui. Sasa, jaalia mzee yule yule angeingia pale sebuleni usiku mmoja, taratibu, ameshika kisu, bila mzaha wowote. Je, watu wangeogopa? Au wangecheka kwa mazoea, wakingoja akikate kitunguu?

Hapo ndipo lilipo swali langu. Na ili nilijibu, itabidi tusafiri kidogo hadi Marekani, kwa bwana mmoja aliyeitwa Robin Williams.

Williams alizaliwa Chicago mwaka wa 1951. Alisomea uigizaji katika chuo cha Juilliard mjini New York kuanzia mwaka wa 1973, na kuanzia mwaka wa 1978 hadi 1982 akawa maarufu kupitia mchezo wa runinga, Mork & Mindy, ambamo aliigiza kiumbe kutoka sayari nyingine. Baada ya hapo, wee! Mdomo wake ulikuwa kama cherehani. Alibadilisha sauti kumi kwa pumzi moja. Ndiye aliyempa sauti lile jini la buluu katika filamu ya Aladdin ya mwaka wa 1992. Ndiye baba aliyejivika nguo za yaya mzee ili awe karibu na watoto wake katika Mrs. Doubtfire ya mwaka wa 1993. Ndiye pia aliyetoka porini na ndevu zake ndefu katika Jumanji ya mwaka wa 1995, ambayo nadhani hata babu zetu wameiona. Si kwamba hakuwahi kuwa na uzito. Mwaka wa 1998 alipewa tuzo ya Oscar kwa nafasi yake katika Good Will Hunting. Lakini hata pale alikuwa mtu mwema, mshauri mwenye moyo wa dhahabu. Watu walikuwa wamemweka katika sanduku moja lenye maandishi: mtu wa kupendwa.

Ndipo ukaja mwaka wa 2002. Mwaka huo Williams alilivunja sanduku. Katika Insomnia, filamu ya Christopher Nolan, aliigiza mwandishi wa vitabu aliyeua msichana huko Alaska, katika majira ambayo jua halitui. Na katika One Hour Photo, yaani Picha kwa Saa Moja, iliyoandikwa na kuongozwa na Mark Romanek, akaigiza mtu ambaye mimi binafsi sijaweza kumsahau tangu nilipomwona likizo ya Agosti nyumbani kwa mjomba wangu.

Filamu ya aina hii Waswahili wa darasani huiita filamu ya msisimko wa kisaikolojia. Kwa lugha rahisi ni hivi: hofu yake haitoki kwa zimwi wala kwa bunduki. Inatoka akilini mwa mtu. Unamwona mtu wa kawaida kabisa, anayekusalimu vizuri, na kadiri unavyozidi kumjua ndivyo nywele za shingoni zinavyozidi kukusimama. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo habari yenyewe.

Mtu huyo anaitwa Sy Parrish. Kazi yake ni kuosha picha katika duka moja kubwa linaloitwa SavMart. Vijana wa leo ambao picha zao zote ziko kwenye simu huenda wasielewe, kwa hivyo ngoja niwaeleze. Zamani mtu akipiga picha alikuwa na filamu ndani ya kamera, mara nyingi ya picha 24 au 36. Ikijaa, aliipeleka kwa mwoshaji. Yule mwoshaji, awe anapenda au hapendi, aliona kila kitu: harusi yako, mtoto wako, sebule yako, nguo zako. Alikujua kuliko jirani yako, nawe hata jina lake hukulijua.

Basi Sy kwa miaka mingi amekuwa akiosha picha za familia moja, ya Yorkin: baba, mama na mtoto wao wa kiume, Jake. Kila wakileta filamu, yeye huchapa seti moja zaidi, ya kwake mwenyewe. Nyumbani anaishi peke yake. Ukutani mwake zimebandikwa picha za familia hiyo, safu kwa safu, mamia kwa mamia. Ananunua picha kuukuu ya mwanamke asiyemjua, kisha anamwonyesha mama Jake na kumwambia ati huyu ni mama yangu. Kuna pahali anajiona ameketi katika nyumba ya wale watu, amevaa sweta ya baba mwenye nyumba, anatazama runinga. Wenyewe wanarudi. Unafikiri sasa kutakuwa na mayowe. Kumbe wanafurahi kumwona, wanamchangamkia kama mjomba! Kisha kamera inarudi, na Sy yuko peke yake ndani ya gari nje ya nyumba ile.

Jamani, pale nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

Sitawasimulia yote, kwani si uungwana kumwaga uhondo. Itoshe kusema kwamba meneja wake anagundua hesabu ya picha zilizochapwa haioani na zile zilizolipiwa, na Sy anapoteza kazi. Wakati huo huo anagundua, kupitia picha za mteja mwingine, kwamba yule baba aliyekuwa akimwonea wivu ana mwanamke wa nje. Familia aliyoiabudu kumbe ina ufa. Na mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya ukuta wa picha, ukuta huo ukianguka, unafikiri atafanya nini? Kitazameni wenyewe mtakapokuwa wakubwa, maana si filamu ya watoto.

Ninalotaka kuzungumzia ni jinsi Williams alivyofanya kazi hiyo. Wengi hudhani kwamba mchekeshaji akitaka kutisha lazima aongeze kitu: sauti nene, macho mekundu, kicheko cha kichawi. Sisi wenyewe katika michezo ya shule ndivyo tufanyavyo. Mtu mbaya lazima angurume. Williams alifanya kinyume. Alipunguza. Zile sauti kumi zikawa moja, nyembamba na ya adabu. Mikono iliyokuwa ikipepea kama nzi ikatulia mapajani. Nywele zikafanywa chache na za rangi ya majani makavu, akavishwa miwani mikubwa na nguo zilizopauka, hata mtu na ukuta wa duka vikawa karibu rangi moja. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Lakini, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kuna kitu kimoja cha uchekeshaji ambacho hakukiondoa. Ni ile hamu ya kupendwa. Mchekeshaji yeyote, wa Hollywood au wa bwenini, husimama mbele ya watu akiwaomba, bila kutamka, wampokee. Sy naye ni hivyo hivyo. Anatabasamu kwa kila mteja. Anakumbuka siku ya kuzaliwa ya Jake na kumpa kamera ya bure. Anamgombeza fundi wa mashine kwa sababu rangi za picha zimegeuka kidogo tu, maana kazi yake anaipenda kwa dhati. Tabasamu ni lile lile tulilolijua kwa Mrs. Doubtfire. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna anayecheka, na tabasamu lisilojibiwa, likiachwa usoni kwa muda mrefu kupita kiasi, huanza kutisha.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ufundi. Kichekesho na hofu ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni kungoja. Anayesimulia kichekesho hukufikisha ukingoni, hunyamaza kidogo, nawe unazuia pumzi, kisha anakuachilia: ha! Anayetisha naye hukufikisha ukingoni pale pale, hunyamaza vile vile, ila hakuachilii. Basi ni nani anayeujua urefu wa ule ukimya kuliko mtu ambaye amekula mkate wake kwa kuupima? Ndiyo maana nasema mchekeshaji hakuja kuigiza hofu akiwa mgeni. Alikuwa na ufunguo mfukoni tangu zamani.

Haya yote nayasema kwa sababu yananihusu. Wanaonijua hapa shuleni wanajua mimi ni nani. Ndimi niliyeiga mwendo wa kila mwalimu katika mikutano ya Ijumaa ya chama chetu, na wenyewe wakacheka mpaka machozi. Nikisimama tu kuuliza swali darasani, kuna watu huanza kucheka kabla sijasema kitu. Si haba, ni raha. Lakini raha hiyo ina kodi yake.

Muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu nilipata habari kwamba kiwanda alichofanya kazi baba kimefungwa, na kwamba huenda nisirudi shuleni muhula uliofuata. Usiku huo nilimwambia mwenzangu mmoja bwenini. Nilimwambia polepole, kwa sauti ya chini. Alinitazama, akangoja, kisha akaangua kicheko. "Wacha bwana! Haya, endelea, halafu?" Alikuwa anangoja sehemu ya kuchekesha. Wengine wakasikia, wakaja kukaa kitandani kwangu wangoje nao. Nami sikuwa na sehemu ya kuchekesha. Nilijifunika blanketi, na hata hilo likawachekesha. Bahati nzuri shangazi yangu alijitolea kulipa karo, nikarudi. Lakini usiku ule ulinifunza kwamba mtu anaweza kufungiwa ndani ya kicheko cha watu wengine, na ufunguo ukawa nje.

Muhula huo huo mwalimu wetu mlezi alinipa nafasi katika mchezo wa kuigiza wa tamasha za drama. Nilidhani atanipa mlevi au mpiga ramli, kama kawaida. Akanipa baba wa kambo. Huyu ni mtu mpole wa maneno ambaye hufunga chakula kabatini kwa ufunguo, kisha humgeukia mtoto na kuuliza, kwa upole kabisa: "Nani ana njaa?" Hiyo ndiyo kauli iliyobeba mchezo mzima. Na kila tulipoifikia mazoezini, ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata aliyeigiza mtoto alicheka. Wapo waliomwendea mwalimu kumwomba nafasi hiyo apewe mtu mwingine, "mtu serious," walisema. Mwalimu akawajibu kwa neno moja tu: "Subirini."

Ndipo tukafunga shule, nikaenda kwa mjomba. Mjomba zamani alikuwa na studio ya picha mjini kwetu, kabla ya simu kumfungia biashara. Picha za rangi alizipeleka Nairobi, lakini za rangi nyeusi na nyeupe aliziosha mwenyewe chumbani gizani, chini ya taa nyekundu. Alipoona jina la filamu kwenye tarakilishi ya binamu yangu akavuta kiti, akasema lazima aone kama hao Wazungu wanajua kazi. Tulitazama pamoja. Mwishoni alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia: "Mjomba, miaka ishirini na mbili niliwaambia watu 'tabasamu.' Hakuna hata mmoja aliyekuja studio kupigwa picha akiwa analia. Ukiziangalia albamu zangu utadhani mji huu haukuwahi kupata msiba."

Maneno hayo yalinigonga. Sy katika filamu anatambua jambo hilo hilo, kwamba watu hupiga picha za siku walizofurahi tu. Nami nikawaza: mchekeshaji si ndiye albamu ya jamii? Tumemkabidhi sura zetu za kucheka azitunze. Akituonyesha picha ya aina nyingine tunashtuka, kana kwamba ametoa negativu, ile filamu ambayo kwayo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe. Lakini kila mwosha picha anajua kwamba bila negativu hakuna picha. Ni mtu yule yule, mwanga ule ule.

Tuliporejea mazoezini sikunguruma. Sikukunja uso. Niliifanya ile kauli iwe na upole zaidi kuliko zamani, kisha nikanyamaza na kumtazama mtoto. Siku ya tamasha hadhira ilicheka, kama nilivyotarajia. Nami nikawaachia wacheke. Sikusogea. Nilishikilia ufunguo wangu na tabasamu langu, nikangoja. Kicheko kikapungua, kikawa cha watu wawili watatu, kisha kikakatika kabisa. Ule ukimya uliofuata, wenzangu, siwezi kuuandika. Mama mmoja wa safu ya mbele aliweka mkono mdomoni. Hawakuogopa licha ya kwamba walikuwa wamecheka. Waliogopa kwa sababu walikuwa wamecheka.

Williams si wa pekee. Jim Carrey, aliyetuvunja mbavu kwa The Mask mwaka wa 1994, alijaribu msisimko wa kisaikolojia katika The Number 23 ya mwaka wa 2007. Jordan Peele alijulikana kwanza kwa vichekesho vya runinga kabla ya kuandika na kuongoza Get Out ya mwaka wa 2017, kisha Us ya mwaka wa 2019, ambamo Lupita Nyong'o wetu aliigiza mwanamke na kivuli chake, mmoja mwenye hofu na mwingine mwenye kuitia. Ukitafuta utaona njia kati ya kicheko na hofu imekanyagwa na wengi.

Lakini nisingependa kumaliza bila kuonya juu ya jambo moja. Robin Williams alifariki tarehe 11 Agosti 2014, akiwa na umri wa miaka 63, kwa kujitoa uhai. Mara watu wakaanza kusema: mnaona, wachekeshaji wote hulia ndani kwa ndani, hata Sy alikuwa ni yeye mwenyewe. Maneno hayo yanapendeza masikioni, lakini si ya haki. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba alikuwa na ugonjwa wa ubongo unaoitwa Lewy, unaoharibu fikira, usingizi na mwendo, na mkewe alieleza mateso hayo katika jarida la madaktari mwaka wa 2016. Ulikuwa ugonjwa, kama malaria au saratani ilivyo ugonjwa. Sy ilikuwa kazi, iliyofanywa kwa akili timamu na ufundi mkubwa, miaka kumi na miwili kabla.

Naona basi kuna uvivu wa aina mbili. Wa kwanza husema: huyu ni wa kuchekesha tu, hana lolote zito. Wa pili husema: huyu anachekesha, kwa hivyo lazima ana huzuni iliyofichika. Wote wawili wamesimama mlangoni. Hakuna aliyeingia ndani akamkuta mtu mzima, mwenye vyumba vingi, cha kucheka, cha kulia, cha kuogopa na cha kuogopesha, na mwenye haki ya kuchagua leo akukaribishe katika kipi.

Katika One Hour Photo yupo mmoja tu aliyeingia ndani. Ni Jake, yule mtoto. Akiwa kitandani anamwambia mama yake kwamba anamwonea Sy huruma, kwa sababu anaonekana mwenye huzuni. Watu wazima wote walikuwa wamelipokea tabasamu pamoja na bahasha ya picha na kwenda zao.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Chama cha Kiswahili, muhula huu mkigawa nafasi za mchezo mpya, msimpe mcheshi mlevi kila mwaka. Mpeni hakimu. Mpeni mfiwa. Mpeni hata muuaji, mwone. Na usiku bwenini, mwenzenu mcheshi akiwaambia neno kwa sauti ya chini, msingoje sehemu ya kuchekesha. Mwulizeni tu, "Kuna nini, ndugu yangu?" kisha mnyamaze, mmsikilize hadi mwisho.